Babu Yako Hajarogwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mkiwa hatujambo, na yule mbuzi mweusi kazaa mapacha. Lakini swali lako limenichoma! Nani kakuambia huko Dodoma kwamba nimemroga babu yako, ndiyo maana kaacha sigara? Mimi naongea sana, kijiji kizima kinajua, ila kuroga sijui.

Babu yako alipewa vidonge hospitali, vya kupunguza hamu ya sigara. Sasa tukaenda kumsaidia kaka yake, shemeji Mateo, kupiga alizeti kwa fimbo zitoke mbegu. Unajua kwetu kazi ikiisha mwenye shamba anagawa pombe na sigara, na ukikataa umemdharau. Babu yako akasema, "Asante kaka, natumia dawa."

"Dawa ya sigara? Mwanaume mzima!" shemeji akasema. Watu wakacheka. "Huyo mkeo kakuwekea kitu kwenye ugali!"

Shemeji akaiwasha ile sigara, akampulizia moshi usoni. Usoni, Neema! Nikainuka na fimbo yangu ya kupigia alizeti. "Akimeza dawa ya malaria mbona hamcheki?"

Babu yako akanishika mkono, nikakaa. Akaitazama sigara ile mpaka nikaogopa ataichukua. Akasema taratibu, "Kaka, hamu bado inakuja. Ila zamani ilikuwa inavunja mlango, siku hizi inapiga hodi. Na mimi siitikii."

Mpaka leo hajavuta. Hao wanaokuuliza waambie hivyo, tena kwa sauti.

Bibi yako, mama Rehema