Mkwe Wangu Amekataa Skii Zangu

Mpendwa Bi Kreszenz,

Nipe msaada kabla sijaharibu harusi ya mwanangu wa pekee, maana nimetamka neno mbele za watu na sasa neno hilo limenikaa kooni, kulimeza siwezi na kulitema siwezi.

Mimi ni mkuu wa shule ya skii, mbao za kutelezea kwenye theluji, hapa Sankt Kolman, na tangu mama yangu aliponifunga mbao za kwanza miguuni sijawahi kuteleza kwa chapa nyingine ila Rabenkar, wala baba yangu hakuwahi, na mke wangu Rosina aliachana na skii zake za zamani wiki tuliyooana bila mimi kumwambia neno, kwa sababu kiwanda chao kiko hapa chini ya bonde letu na nusu ya darasa letu la shule ya msingi imefanya kazi humo, ukipita asubuhi unanusa gundi ya moto na vumbi la mbao unajua uko nyumbani. Mapenzi yangu hasa ni Rabenkar Saba, ile nyekundu yenye kunguru mweupe kwenye ncha, na walipoacha kuitengeneza niliomboleza kama mtu aliyefiwa, na walipoirudisha ikiwa na kiuno chembamba na ncha pana wenzangu wakasema si yenyewe, basi mimi nikapanda nayo mlimani asubuhi barafu ikiwa ngumu kama kioo, nikaulalia ukingo wake wa chuma kwenye ule mteremko wa kaskazini, ikauma barafu kama mbwa aliyepata mfupa, nikashuka nikawaambia, ni yeye yule, kabadili koti tu. Huyo ndiye mimi, Bi Kreszenz, sifichi na sioni haya.

Sasa binti yangu Filomena, Mena wetu, ambaye ni mwalimu kwenye shule yangu na anateleza kwa Saba kuliko mwanamume yeyote ninayemjua, anaolewa na Vinzenz, mwalimu wa skii kutoka bonde la ng'ambo, kule ambako hata padri ni mtu wa Zirmer, chapa ya wapinzani wetu. Kijana mwenyewe sina la kumlaumu, hanywi akapitiliza, anamsikiliza mama yake, na alianza kumwita Rosina Mama kabla hajaambiwa. Nikasema moyoni, kasoro yake ni moja na dawa yake ninayo. Nikamwomba Mena aniletee kiatu chake cha skii kimoja kwa siri, nikaenda karakana yetu, nikachagua jozi ya Saba mpya, nikafunga vibanio kwa kipimo cha kiatu chake na kuvikaza kwa uzito wake, nikachonga jina lake nyuma ya kunguru, na siku ya uchumba, mbele ya koo zote mbili, nikamkabidhi.

Akazipokea kwa mikono miwili, akazitazama sana, akasema, "Asante, Baba mkwe. Hizi nitazitundika sebuleni, juu ya meza ya chakula."

Nikamwambia, "Kutundika? Skii inatundikwa, kwani ni kichwa cha paa aliyewindwa?"

"Ni nzuri mno, Baba. Lakini mimi ni wa Zirmer. Miguu yangu ina kwao."

Watu wake wakapiga meza kwa furaha, na mimi nikacheka kwa meno tu.

Jumapili iliyofuata nikiwa baani na wenzangu, Alban, mkuu wa kikosi cha uokoaji mlimani, rafiki yangu tangu utoto, ambaye naye ameshaozesha binti, akanichokoza mbele ya wote, "Kassian, nasikia wajukuu zako watazaliwa na Zirmer Komet miguuni." Mwingine akadakia, "Na babu yao ndiye atakayezipaka nta hizo Zirmer ziteleze." Wakacheka mpaka mwenye baa akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Wewe unaijua desturi yetu, mwalimu akioa au akiolewa wenzake husimama safu mbili nje ya mlango wa kanisa, wakainua skii zao ncha zikagusana juu, na maharusi wakapita chini, na anayetoa amri ya kuinua ni mkuu wa shule, na nimewatolea amri hiyo walimu wote waliofunga ndoa mikononi mwangu. Basi nikasimama nikasema, "Siku ya harusi ikiinuliwa Zirmer hata moja pale mlangoni, mimi sisimami, na mwalimu wangu hata mmoja hasimami." Hapo kicheko kikakatika, na nilijisikia vizuri kwa muda wa kumaliza glasi.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mena alikuwa anasubiri jikoni.

"Baba, umesema?"

"Nimesema."

"Basi mimi na Vinz tutatokea mlango wa nyuma, ule wa padri. Wewe baki na safu yako."

"Mena, wewe mwenyewe ni Rabenkar."

"Na nitakufa Rabenkar. Lakini siolewi na ubao, Baba."

Tangu hapo hasemi nami ila habari za kazi, na Rosina ananiwekea sahani ya madonge ya unga ananiambia, "Kula, Bwana Kunguru," basi. Kula matapishi yangu mbele ya Alban siwezi. Nimefikiria labda nimwombe Vinzenz ateleze kwa zile nilizompa siku moja tu, watu wamwone, yaishe. Au watu wake waje na Zirmer zao lakini zizungushiwe utepe na maua, chapa isionekane. Harusi ni Jumamosi ya mwisho kabla ya lifti za mlimani kufungwa kwa msimu. Wewe ni mtu wa mabonde haya, na kwa jinsi unavyotushauri gazetini bila shaka ni mwenzetu. Nifanye nini?

Baba Aliyedharauliwa, Sankt Kolman

*

Baba uliyejiita Aliyedharauliwa,

Majina umeyaandika wazi na mimi nimeyaacha wazi, kwani bonde lako zima limeshajua na langu lilijua kabla yako. Na tuanze kwa kuondoa kosa moja mezani. Mimi si mwenzenu. Mimi ni wa Zirmer. Nina Komet ndefu, zile ambazo vijana wa siku hizi wanaziogopa kwa sababu hazimsamehi mtu mwenye magoti ya uji, na nitazikwa nazo kama padri ataruhusu. Ukitaka kuacha kusoma, acha hapa. Ila najua huachi.

Kwanza nikutetee, maana unastahili. Kuna wajuaji wa mjini wanaotuandikia kila majira ya baridi kwamba skii ni mbao, chuma na plastiki, zote zinatoka kwenye mashini za namna moja, na anayependa chapa amelogwa na matangazo. Nimewasoma hao, wote, kwa subira ambayo hawakustahili. Hawajui wanachokisema. Mtu anayeshuka mteremko uliomvunja baba yake paja, juu ya ubao uliobanwa na mikono ya jirani zake, hapendi tangazo. Anapenda watu. Na hao wanaotucheka utawaona: wananunua jarida la majaribio, wanatazama nani kapewa nyota nyingi mwaka huu, wanabadilisha. Kila baridi wana mpenzi mpya, na kila baridi wanaanguka upya kwa sababu mguu haujapata muda wa kumjua mwenzake. Wewe uliijua Saba yako hata ilipobadili umbo. Hilo ni jambo la kujivunia, na mimi, mtu wa Zirmer, nakuvulia kofia. Mara moja tu, usizoee.

Baada ya hapo sina pongezi nyingine.

Zawadi gani ile uliyotoa? Ulimpima kijana wa watu mguu kwa siri kama fundi wa majeneza, ukakaza vibanio kwa uzito wake, ukachonga jina lake, kisha ukamtega mbele ya wazazi wake, akubali awaaibishe wao au akatae akuaibishe wewe. Zawadi yenye kitanzi si zawadi. Na tazama alivyotoka kwenye mtego wako: hakukutukana, hakusema uongo, hakuzitupa ghalani. Atazitundika juu ya meza anayolia chakula. Mtu wa Zirmer atakula supu yake kila siku ya maisha yake chini ya macho ya kunguru wenu. Mimi nisingeweza, hamu ya kula ingeniisha. Yeye kaweza, kwa ajili yako. Na wewe unaita hiyo dharau.

Hebu fikiri angekubali. Angesema, "Asante, Baba mkwe, kuanzia leo mimi ni Rabenkar." Ungefurahi jioni ile. Ungemzungusha baani kama fahali aliyeshinda maonyesho. Halafu siku moja, ukipaka skii zako nta peke yako, ungejiuliza: huyu aliyeuacha ubao wa baba yake kwa sababu mzee mmoja alimkazia macho kwenye karamu, ataacha nini kingine, na kwa nani? Mwacha asili ni mtumwa, na wewe ulitaka kumwoza Filomena kwa mtumwa. Ulimjaribu mkwe wako bila kujua kwamba unamjaribu. Akafaulu. Kisha ukamkasirikia kwa kufaulu.

Nitakwambia pia jambo ambalo barua yako imelizunguka bila kuligusa. Hukumkasirikia Vinzenz. Ile "miguu yangu ina kwao" uliielewa vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini, kwa sababu ungesema hivyo hivyo. Uliogopa meza ya Alban. Wanaume watano na glasi zao walicheka, na wewe ukawalipa kicheko hicho kwa harusi ya mwanao. Alban atakuwa amesahau kabla theluji haijayeyuka. Filomena hatasahau mlango wa padri mpaka anazeeka.

Habari ya kumwomba ateleze kwa Saba siku moja tu watu wamwone, iache. Huo ni mtego uleule, umeupaka rangi. Na utepe na maua juu ya chapa? Kassian, uliyaandikaje maneno hayo bila kalamu kukatika? Umetumia maisha yako yote kusema kwamba chapa ya skii ni uso wa mtu, kisha unataka wageni wako waje kwako wamefunikwa nyuso. Jiulize ungefanya nini kama watu wa Zirmer wangekuambia uje kwao na Saba iliyovikwa shada. Ungeivunja ile skii juu ya goti kabla ya kukubali. Basi wape nao haki ya kuwa na goti.

Sasa nisikilize, na fanya kwa utaratibu huu, si kwa utaratibu unaoupenda.

Leo, kabla ya chakula, nenda kwa Mena. Usimweleze historia ya Rabenkar, anaijua, umemlisha nayo tangu ananyonya. Mwambie, "Nimekosa, na utatokea mlango mkubwa." Akilia, mwache alie. Akikukaripia, nyamaza, hiyo ni haki yake na amejizuia vya kutosha. Rosina naye umwombe radhi, na usingoje akuwekee sahani, mwekee wewe.

Kesho panda na Vinzenz kwa lifti ya kwanza, ninyi wawili tu, kila mtu na zake. Shukeni ule mteremko wako wa kaskazini. Najua mtashindana, wala sikukatazi, ningekudharau kama hukujaribu. Lakini mkifika chini mwambie hivi: "Waambie watu wako waje na Zirmer zao, na wasizifunike." Usiongeze neno. Kijana ana akili, ataelewa.

Kisha nenda baani, Jumapili, saa ileile ya kicheko, meza ileile, kabla hujanywa chochote. Ulilisimamia neno lile, basi na hili lisimamie. Neno lililotamkwa hadharani halifutwi kwa kunong'ona. Waambie walimu wako watasimama safu ya kushoto na Rabenkar, na watu wa ng'ambo safu ya kulia na Zirmer, na kila mtu alete zile anazotelezea, zenye mikwaruzo yake, si mpya za dukani. Usizichanganye safu ili ionekane mmekuwa kitu kimoja. Hamjawa, na hamtakuwa, na hakuna aliyewaomba. Harusi haitaki mtu yeyote aache kwao. Inataka ncha zigusane juu, basi. Amri utaitoa wewe, kwa sauti ya mlimani, si ya msibani.

Alban atakutania. Hilo halina dawa, ndiyo kazi ya marafiki. Atakuuliza imekuwaje Kassian wa Rabenkar akaozesha kwa Zirmer. Usikasirike, wala usicheke kwa meno. Mtazame, umwambie: "Nilitaka kumnunua mkwe wangu mbele ya ukoo mzima, na hakununulika. Wewe, mkwe wako ulimnunua kwa bei gani?"