Kidoa Chini ya Jicho la Kushoto

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini nyote mu wazima, na kwamba kile kikohozi chako ulichokuwa ukikidekeza kama kitinda mimba kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, miguu imepungua kuvimba, na bado akipewa nguo mpya huigeuza kwanza nje ndani aikague mishono, kisha anasonya. Fundi cherehani hastaafu.

Barua yako ya kwamba unakuja mwezi ujao nimeipata. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Furaha ninayo, usidhani sina. Lakini kabla hujafika kuna jambo lazima ulijue, na nikisema nisubiri nikuambie ana kwa ana nitatafuta kisingizio. Najijua.

Unakumbuka tulipotoka kumzika Da' Mkubwa, miaka tisa iliyopita, Mama alikuwa amelazwa kwa kile kiharusi. Daktari alituonya asipewe habari ya kumshtua. Tukakubaliana nitamwambia akipata nafuu, nawe ukarudi kazini kwako. Baada ya miezi minne nikakuandikia kwamba nimemwambia na ameupokea msiba kwa subira. Nilikudanganya. Sikumwambia.

Siku niliyokusudia kumwambia nilijipaka wanja na rangi nyekundu ya mdomo vilivyokutwa katika mkoba wa marehemu. Niliona uchungu vikauke bure. Nilipoingia chumbani, Mama akanyoosha mikono, akaniita kwa jina la Da' Mkubwa, akaniuliza mbona nimemtupa muda wote ule. Nikaitika.

Tangu hapo, kila Jumapili mchana nimekuwa nikimuaga Mama na kutokea mlango wa uani. Najipamba katika kile chumba cha kufulia, namalizia kwa penseli ya wanja kile kidoa cheusi alichozaliwa nacho Da' Mkubwa chini ya jicho la kushoto, kisha nazunguka mbele na kubisha hodi, mkoba wa Da' Mkubwa begani. Mama humlalamikia mgeni wake kwamba yule Sindano, yaani mimi, hashikiki, Da' Mkubwa akija yeye katoka. Nami nakubali kwamba kweli mtoto yule hana utulivu. Miaka tisa najisengenya mwenyewe, na nilikuwa nimeanza kuufurahia mchezo.

Mapema mwaka huu Mama alinishika kidevu, akanitazama kwa lile jicho lake la kukagua mishono. Alisema Sindano ana makunyanzi na ndiye mdogo, sasa mimi, dada yake mkubwa, mbona uso umesimama palepale? Akasema wasiozeeka ni waliokufa tu. Alisema hivyo akitabasamu, na kidevu hajakiachia.

Ikanibidi nimzeeshe. Nilikwenda duka la vipodozi karibu na kituo cha mabasi, nikamwambia mpambaji, mama mmoja mcheshi mwenye kucha ndefu za kutisha, kwamba nina dada wa miaka sitini na mmoja anayejipaka kama msichana. Nikasema tunafanana, afanyie usoni mwangu ili nikamfundishe. Alicheka, akasema wanawake wengi hujipaka uso wa siku ya harusi mpaka wajukuu wanaoa. Akanifuta kila kitu. Alinieleza kwamba ngozi ya umri ule ni kavu, poda ikizidi hujikusanya kwenye mikunjo ikaichora. Kwa hiyo nitangulize krimu, rangi ya uso iwe kidogo, nyepesi, isambazwe kwa vidole. Wanja mweusi niuache nishike wa kahawia, rangi ya mashavu niipandishe juu kidogo, na ule wekundu wa mdomo sasa basi. Alipomaliza akanigeuzia kioo.

Alikuwa Da' Mkubwa. Sisemi yule tuliyemzika. Huyu alikuwa na miaka sitini na mmoja, umri ambao hakuufikia, na alikuwa amezeeka vizuri. Nilimshukuru mpambaji, na sauti ikanitoka nzito kama ya Da' Mkubwa. Niliogopa sana, mdogo wangu, lakini nilinunua vyote.

Jumapili ile Mama aliridhika, akasema sasa ndiyo. Ila kidoa kiligoma kutoka. Nimekisugua kwa mafuta, kwa sabuni, kwa kitambaa cha maji ya moto, mpaka ngozi ikachubuka ikapona, na kidoa kipo. Kisha Mama akaacha kuniita Sindano. Jumatatu asubuhi nampelekea chai, uso mkavu hata losheni sijapaka, ananipokea kwa jina la Da' Mkubwa na kuniuliza mdogo wangu yuko wapi. Nilimwambia ndiye mimi. Akanisihi nisimfanyie utani.

Aliuliza hivyo wiki tatu nzima. Jumanne iliyopita akaweka kikombe chini, akaniambia yeye ni mtu mzima, nisimfiche: kama Sindano amekufa, nimwambie. Nami nikasema ndiyo.

Neno lile nilikuwa nimelibeba miaka tisa, na lilitoka lenyewe. Mama alilia. Akataka kujua alizikwa wapi, nikamweleza lile kaburi la mlimani lenye uzio mweupe, na mvua iliyotunyeshea siku ile, na wewe ulivyoteleza. Nikalia naye, wala sikujua namlilia nani. Alipotulia alisema afadhali amejua, maana moyo ulikuwa umemwambia zamani kwamba mmoja wa binti zake hayupo.

Kesho yake alikunja nguo zangu zote vizuri, kola juu kama dukani, akamwita jirani akazigawe. Sikumzuia. Ninakuandikia nikiwa nimevaa gauni la Da' Mkubwa, lile la kijani. Zamani lilikuwa likinipwaya.

Basi ukifika, Mama atakupokea mlangoni kwa msiba wangu. Mpe pole, usibishane naye, ameshachoka. Kisha pita moja kwa moja jikoni, na kabla hujatua mzigo niite Sindano, jina ulilonipa wewe mwenyewe, kwa ile sauti ya utotoni ulipotaka nikufungie viatu. Nisipogeuka, niite tena. Nikiwa bado sijageuka, nishike bega, na uso utakaouona usikuogopeshe. Endelea kuniita.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Safiri salama, na usichelewe.

Ni mimi dada yako,
Sindano

(Samahani kwa kufutafuta hapo juu. Mara mbili mkono uliandika jina jingine.)