Shairi la Kumuaga Baba Mkubwa

Yusuph, usicheke. Sijapanda ndege. Nimejificha Rau kwa dada yangu Winfrida.

Si nilikuringia kwamba Afrika Kusini Mtanzania haombi visa, anaruhusiwa miezi mitatu? Nikakata tiketi ya kuimaliza yote mitatu! Leo uwanja wa ndege, dada wa kaunta akafungua pasipoti: "Kaka, hii inaisha kabla hujarudi. Ungekwenda wiki mbili tu, ungepita."

Wiki mbili tu, Yusuph! Tamaa yangu.

Na jana kule nyumbani Masama, kwenye sherehe ya kuniaga, mbuzi ameliwa, mchungaji ameniombea, nikasimama mbele ya ukoo mzima na shairi langu, nikamwambia Baba Mkubwa Eliezeri:

"Baki na migomba yako, dunia inaniita!"

Tena nikamnyooshea kidole. Kidole, Yusuph!

Nimempigia sasa hivi. "Shikamoo Baba Mkubwa. Nimerudishwa. Nakuletea jani la sale la kuombea radhi kimila, unisamehe."

Akaitika: "Marahaba. Mimi nimeshakusamehe. Uliyoitukana ni migomba. Kesho utasimama shambani uitungie shairi lake, na ukoo wote nimeshauita."

Wote!

Nisaidie vina, ndugu yangu. "Mgomba" nimeupatia "naomba". Nikwamue hapo.