Aliyefungua Lango

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kabla ya lolote naulizia goti lako. Ile dawa ya kuchua niliyokuachia bado ipo, au umeshamgawia jirani kama ulivyomgawia ile ya kwanza? Kaka naye na watoto wake hali zao? Mwambie kaka asiache karakana imefungwa muda mrefu, maana tindo zikishika kutu Baba atanitokea ndotoni. Mimi ni mzima kabisa, ila midomo imepasuka kwa baridi mpaka kucheka ni kazi.

Najua ulikuwa na wasiwasi, mwanamke peke yake, milimani, kwa watu asiowajua, na kazi yenyewe ya kupiga mawe. Ondoa shaka. Siku za mwanzo walinitazama kama mbuzi aliyevaa kofia. Sasa wananiita Bibi Nyundo, na nikichelewa kuanza kazi asubuhi wanakuja kuuliza kama naumwa, kwa kuwa wamezoea kuamshwa na mlio wa tindo.

Huku juu, Mama, ukungu haubishi hodi. Unapita mlangoni, unakaa mezani, unalowesha chumvi, halafu unaondoka bila kuaga. Nyumba zimejengwa kwa mawe kwenye mteremko, moja juu ya nyingine, hivi kwamba mlango wa mtu uko sawa na paa la jirani yake, na mwenye nyumba ya chini akipika supu, wa juu ndiye anayejua kwanza kama imeungua. Ukungu ukifunguka kidogo unaiona barabara ikijikunja mpaka chini bondeni, na kule mwisho mapaa ya kijiji kingine. Nimekaa kwenye tambarare maisha yangu yote. Sikujua kama nchi inaweza kusimama wima namna hii na watu wakailima.

Nilikwambia nimeitwa kuchonga jiwe la kumbukumbu, lakini sikukueleza ni la nini. Kijiji hiki cha juu kina ukuta wa mawe wa kale wenye lango moja. Zamani, kabla bibi zetu hawajazaliwa, mvua zilinyesha mfululizo hadi ubavu wa mlima ukameguka na kukifunika kijiji cha bondeni. Waliosalia walipanda huku na watoto mgongoni. Msimu huo kulikuwa na homa mbaya kule chini, kwa hiyo wakubwa wa huku waliamuru lango lifungwe. Ndipo, kwa hadithi inayosimuliwa, mwanamke mmoja wa kijiji cha juu akachukua shoka, akawapita wakubwa wale wote, akakata komeo na kuwaingiza watu. Sasa vijiji vyote viwili vimekubaliana kuweka jiwe pale langoni. Jiwe lenyewe wamelitoa watu wa bondeni, na wamelivuta juu ya magogo hadi huku, kwa shukrani.

Msimuliaji wa hadithi hiyo ndiye mwenyeji wangu. Anafuga nyuki, basi kila mtu humwita Mama Mizinga. Yule mwanamke wa shoka alikuwa mama wa bibi yake. Mama, ungempenda. Ana sauti ya kujaza bonde na anajua kuwa anayo. Wasafiri wakisimama langoni, yeye huacha nyuki wake, hujifunga shuka vizuri, na kabla hujakaa sawa ameshainua shoka hewani, na wewe umeshainamisha kichwa. Watu wazima wanalia. Kwenye kila mkutano huwekewa kiti cha mbele, kile chenye mikono, na hukikalia kama vile alizaliwa nacho.

Lakini si maneno matupu, na hili ndilo lililonishangaza zaidi. Watu hawa hawafungi milango. Mwuza vyungu mmoja aliugua njiani, wakampeleka kwa kaka yake Mama Mizinga, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya jiwe. Mwenyekiti akampa kitanda chake mwenyewe, na yeye na mkewe wakalala kwenye benchi mpaka mgonjwa alipopona. Nilipomsifu, aliniangalia kama mtu aliyesifiwa kwa kupumua. Akaniambia wao ni watoto wa aliyefungua lango, sasa mtoto wa mtu kama huyo atamwachaje mgeni nje? Hata watoto wakigombana, ukimnyima mwenzako nafasi utaambiwa unafunga lango, na hilo ni tusi kubwa.

Basi, kazi ilienda vizuri. Nililisawazisha jiwe, nikalisugua, nikapiga mistari ya chaki, nikaandika kwa chaki maneno niliyopewa na kamati. Jina la yule mwanamke lilikuwa katikati, kwa herufi kubwa. Asubuhi niliyotaka kuanza kulichonga, Mama Mizinga alikuja na chai, kama kawaida yake, lakini hakuongea. Nikajua kuna jambo, kwa sababu yule mama hunyamaza akiwa amelala tu. Alisimama akilitazama lile jina. Nilipoweka ncha ya tindo kwenye herufi ya kwanza, aliweka kiganja chake juu ya jiwe, mbele ya mkono wangu.

“Usimchonge,” alisema. “Hakufungua yeye.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaketi kwenye gogo, akanieleza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Mama yake alimwambia ukweli alipokuwa karibu kufa, naye aliambiwa na mama yake. Watu wa bondeni waliachwa nje ya lango kwenye mvua, wakigonga na kuomba, mpaka wengine wakaacha kugonga. Aliyefungua ni msichana wa hukohuko bondeni, binti wa mfinyanzi, mwembamba kama ufito, aliyeparamia pale ukuta unapokutana na mwamba, akarukia ndani na kulishika komeo kwa mikono yake. Na yule mama wa bibi yake alikuwepo kweli, na shoka alikuwa nalo kweli. Aliwekwa pale alilinde komeo.

“Alichofanya ni kimoja,” aliniambia. “Hakumpiga. Aliinua shoka, wakaangaliana, akalishusha. Mengine yote tumeyaongeza sisi.”

Nikamwuliza kwa nini ananiambia leo, baada ya kuisimulia miaka yote hiyo. Alijibu kwamba neno la mdomo ni kama asali mbichi, unaweza kuichuja tena kesho. Siku zote alijiambia kuwa iko siku ataisimulia sawasawa. Lakini nikishapiga nyundo, hakuna kesho. Kisha akachukua pembe ya shuka lake, akafuta chaki ya lile jina mpaka jiwe likabaki tupu.

Hakuishia hapo. Ningemwelewa kama angeniomba niharibu herufi moja, au nidanganye kwamba jiwe lina ufa, tukaliacha. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, na mimi nikamfuata kwa kuogopa watapigana. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Hakukana, na hapo nikatambua kwamba naye alikuwa akijua. Alimwambia dada yake kwamba anakwenda kuwavua nguo wafu wao mbele ya watu, na kwamba watu wa bondeni wakijua walivyofanyiwa hawatapanda tena mlima huu. Dada akasema watasikia kutoka kwake kabla hawajasikia kwa mwingine. Akaomba mkutano uitishwe langoni, vijiji vyote viwili.

Mama, nimewaona watu mashujaa, lakini wengi wao walikuwa na watu wa kuwashangilia. Huyu alisimama peke yake. Kiti chake kilikuwa mbele, hakukikalia. Hakujifunga shuka, hakuinua mkono, hakupandisha sauti. Aliisimulia hadithi nzima mpaka kwenye shoka, na alipomaliza akasema kwamba familia yake imekula heshima isiyo yake, na anaomba radhi kwa niaba ya waliokufa na ya nafsi yake. Watu wa juu walianza kunung'unika. Mmoja akatema mate chini. Kaka yake alitazama viatu vyake. Watu wa bondeni walikaa vilevile wakimtazama, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Kati yao alikuwepo mfinyanzi mzee waliyempa jina la Sikio Moja, kwa kuwa la pili limekufa zamani. Alimwuliza mjukuu wake wamesema nini. Mjukuu akamsimulia yote sikioni. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akainuka, akasema:

“Hayo tunayajua. Msichana yule ni bibi yetu.”

Akaeleza bila haraka, kama mtu anayetaja bei ya vyungu. Kwao kila mtoto huambiwa ukweli akishapata akili ya kuutunza. Bibi yao aliishi kuona wenyeji wa juu wakianza kujigamba kwamba ni wao waliofungua. Ndugu zake walitaka kupanda kuwaumbua, yeye akawakataza. Aliwaambia wawaache, kwa sababu mtu anayejisifu kuwa mkarimu siku ukimbishia hodi atafanyaje? Itabidi afungue. Wakawaacha. Na kweli, njaa ilipoingia bondeni, lango lilikuwa wazi. Mafuriko yalipokuja tena, lilikuwa wazi. Vizazi vyote hivyo watu wa bondeni waliketi wakisikiliza hadithi ya shoka, wakalia mahali pa kulia, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Mama Mizinga alifunika uso kwa mikono. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kutembea. Alivuka hadi upande wa watu wa bondeni, akasimama mbele ya mzee, akamshika mikono yote miwili.

Walibishana kuhusu maandishi mpaka chai ikaisha. Wa juu walitaka aibu yao iandikwe ndefu, wa bondeni walitaka isiandikwe kabisa. Mwishowe Mama Mizinga alitoa mistari miwili ya kwanza, na Sikio Moja akautia wa tatu, akagoma kuondoka mpaka ukubaliwe. Nimeyachonga hivi:

Hapa lango lilifungwa.
Msichana wa bondeni akalifungua.
Tangu hapo halijafungwa tena.

Nakiri kwako wewe peke yako, Mama: ningekuwa mimi, ningenyamaza. Ningeacha fundi achonge jina la bibi yangu, ningemletea chai, na ningelala usingizi mzuri. Nimekuwa nikilifikiria hilo kila siku nikishika nyundo, na sijui kama nitaweza kuwa mtu wa namna yake, lakini nimeshamwona, na siwezi tena kusema kwamba hayupo.

Usidhani amegeuka malaika. Wapo wa huku wasiomsalimia bado, na inamwuma. Ila jana walipita wasafiri, akaacha nyuki, akajifunga shuka, akawasimulia upya. Msichana tayari amepanda ukuta akiwa na mdogo wake mgongoni, na mvua imekuwa ya mawe. Nilipomkazia macho akaniambia niendelee na kazi yangu, jiwe ni langu na mdomo ni wake.

Nimebakiza kulipaka jiwe mafuta, kisha nitashuka na gari la kwanza litakaloiweza barabara. Nakuletea chupa ya asali kutoka kwa Mama Mizinga, ambaye anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Nisalimie kaka, shemeji na watoto, na jirani aliyekula dawa yako. Goti lilinde na baridi, na usipande ngazi ya darini mpaka nifike.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Bibi Nyundo (huku wamesahau kwamba nina jina jingine)