Katoni Nyuma ya Mabati

4 Machi

Mpwa wangu Profesa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama yako mzima, ila goti langu ndilo linanidai mapumziko. Natumaini huko makao makuu unakula kwa wakati.

Nina neno. Tangu ule mpango wa kompyuta uliotunga uanze kuamua kiwanda kipi kitengeneze dripu ngapi na lori lipi lipeleke wapi, ghala letu linakauka. Januari lori lilikuja mara tatu kwa wiki. Sasa ni Jumanne tu. Dereva ameniambia, "Mzee, mbuzi hunenepeshwa ndipo achinjwe. Nyinyi wameanza kwa kuwakondesha."

Kazi tunaifanya. Wiki iliyopita zahanati zetu saba zilitaka katoni sitini na nne, nikazitoa zote, hakuna aliyerudi mikono mitupu. Basi nieleze: kuna mtu anataka kutufunga? Na wewe unajua?

Mjomba wako

12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo, nakula.

Mpango haumjui mtu. Unapewa viwanda viwili, malori tisa, maghala kumi na moja na mahitaji ya kila ghala, unapima maelfu ya njia hadi upate yenye hasara ndogo kuliko zote. Mahitaji yako mpango unayatoa kwenye ripoti zako za Ijumaa. Ukiletewa pungufu ukaandika zimetosha, mpango unapunguza tena.

Na mimi nina neno. Barua yako inasema ulitoa sitini na nne. Ripoti ya wiki hiyohiyo inasema ulipokea hamsini na ukatoa hamsini. Nimezisoma zote mara tatu. Hizo kumi na nne zilitoka wapi?

Mpwa wako

20 Machi

Profesa,

Tu wazima.

Swali lako ni la polisi, umelivisha shikamoo tu. Nimelinda ghala hili miaka kumi na tisa. Langu hujanijibu.

Mjomba wako

14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu hujaandika. Mama anasema upo, unakwenda kazini, ila jina langu likitajwa unatoka nje.

Haya, nakujibu, ingawa sikupaswa. Ghala lako limo kwenye orodha ya kufungwa. Kikao ni tarehe 30. Kanuni inasema ghala likishuka chini ya katoni hamsini na tano kwa wiki, zahanati zake zihamishiwe ghala lingine. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Ghala hilo lingine liko mwendo wa siku mbili kutoka kwenu.

Kama kuna kitu umeficha, niambie mimi kabla hajakuuliza mwingine.

Mpwa wako

22 Aprili

Mpwa wangu,

Nakusalimu. Goti ni lilelile.

Ndani ya kifurushi hiki kuna shajara zangu tatu. Mwaka wa mafuriko barabara ilikatika siku kumi na moja, dripu zikatuishia siku ya nne. Muuguzi alikuja na mkokoteni, nikamwonyesha rafu tupu. Tangu hapo, kila lori likishusha, katoni moja naiandika kuwa imevuja, kisha naipanga nyuma ya ukuta wa mabati. Za zamani nazitoa kwanza zisiharibike. Kila iliyoingia na kila iliyotoka, na zahanati iliyoipata, utaiona humo kwa tarehe.

Mlipopunguza, nilijazia kutoka huko, nikaandika ripoti safi ili nisionekane ninalalamika. Nilidhani nawalinda wagonjwa. Kumbe nilikuwa naidanganya mashine yako, nayo ikanisadiki. Zimebaki ishirini na tano, hazimalizi wiki mbili.

Adhabu ya mali isiyo kwenye ripoti naijua. Tumia shajara. Kurasa za nyumbani ziruke.

Mjomba wako

3 Mei

Mjomba,

Shikamoo sana.

Niliingiza tarakimu zako za miezi yote. Mpango ulichukua dakika kumi na nne. Ghala linabaki, lori linarudi mara tatu kuanzia Jumanne, na maghala yote yatawekewa akiba inayoandikwa. Kikaoni waliniuliza tarakimu nimezipata wapi. Nilisema. Niliwaonyesha kwamba hakuna hata chupa moja iliyopotea, nao wakakubali, lakini mtunza ghala mpya anakuja tarehe 10. Nisamehe.

Kurasa za nyumbani niliziruka, isipokuwa moja. Ni ya 17 Machi: "Barua imefika. Mpwa wangu ananishuku. Nilianza mimi kumshuku. Nyuma ya mabati: 95."

Mpwa wako

11 Mei

Profesa wangu,

Salamu. Goti sasa lina nafasi ya kupumzika.

Jana nilimkabidhi funguo yule mpya. Tulihesabu pamoja, kila kitu kikalingana. Mwishoni akauliza, "Na nyuma ya mabati pale kuna nini?" Nikamwambia pamebaki vumbi tu. Akaniitikia vizuri, akashukuru, kisha akachukua tochi akaenda kuangalia mwenyewe.

Atafaa.

Shajara ya tatu nirudishie, ina kurasa tupu. Uje nayo mwenyewe.

Mjomba wako