Makopo Sita ya Mama

6 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku ng'ambo mimi ni mzima wa mwili, ya moyoni tuyaache. Wewe je, unalala? Unakula, au ni chai tu kutwa nzima?

Miezi miwili sasa tangu mlipomzika Mama, na mimi siku ile nilikuwa napiga pasi mashuka ya watu. Tajiri alikataa kuniachia hata siku tatu. Simu yangu anayo yeye, ndiyo maana naandika. Dereva wa hapa hunipelekea posta kwa siri. Baba, niambie kweli. Niliondoka tumegombana, mlango nikaubamiza. Alisema lolote juu yangu mwishoni?

Na zile pilipili zake za roshani, makopo sita, nakuomba uzitunze. Mbegu ile alipewa na bibi, na sijaiona kwa mtu mwingine: tunda ni kubwa lakini linasimama wima kuangalia juu. Kikombe kimoja cha maji asubuhi, basi. Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwaka. Nikirudi nataka nizikute, maana kaburi lake silijui, ila makopo nayajua.

Mwanao wa pekee


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Naendelea kusukuma siku. Goti linalia ninapopanda ngazi, na masikio ndiyo hayo; fundi cherehani wa chini huniita mpaka anachoka, anapanda mwenyewe. Nakula. Chai nayo ni chakula.

Mama yako alisema. Jioni ile kabla hajatutoka nilikuwa namgeuza upande, akaniambia: "Mwambie Kichwangumu sina kinyongo naye. Akirudi achume mwenyewe." Sijaongeza wala kupunguza.

Pilipili hazijambo. Nazisalimia kila asubuhi na hazinijibu, kama mwenyewe alivyokuwa akininunia. Ila yale makopo yalinitia aibu. Miaka arobaini mimi ni fundi rangi, halafu kwangu kutu! Nikayalaza moja moja, nikayapiga msasa, nikayapaka rangi ya buluu mara mbili. Chini yalikuwa na matundu, sijui mama yako aliyavumiliaje. Nimeyaziba yote kwa puti, ileile ya kuzibia kuta. Mimi tundu nikiliona situlii. Ukija utadhani umeingia hotelini.

Baba yako


14 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Leo sikuulizi habari kwa urefu, dereva anaondoka sasa hivi.

Neno la Mama nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Tangu nilipate naamka na kufanya kazi kama mtu.

Lakini matundu yale Mama aliyatoboa mwenyewe kwa msumari! Maji yanatokea hapo. Ukiyaziba, maji yanatuama na mizizi inaoza. Zibua leo hii, kabla hujavua miwani.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Pokea marahaba ya mapema, maana barua yako haijafika bado. Posta nao wanatembea kwa magoti kama mimi. Natumaini u mzima na tajiri wako amepunguza ukali.

Nakuandikia kwa sababu pilipili zimenitia wasiwasi kidogo. Majani yamekuwa ya njano, mengine yanadondoka. Nimeona ni kiu, jua la siku hizi halina adabu. Sasa natia vikombe vitatu asubuhi na vitatu jioni. Wewe tulia. Hazitakaa na kiu mimi nikiwa hai.

Baba yako


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Barua yako ya matundu imefika. Nimezibua yote kwa bisibisi, maji yakatoka, na pilipili zote sita zimepona. Zimechangamka kuliko mwanzo. Ili moyo wako utulie nimekutilia mbegu humu, za tunda nililochuma mwenyewe jana. Panda hukohuko, usingoje kurudi.

Sina mengi, macho yananiuma.

Baba yako


2 Desemba

Baba,

Shikamoo. Mimi nipo.

Mkataba umeongezwa miaka miwili. Sikuulizwa. Pasipoti anayo tajiri, na aliyeshika mpini ndiye mwenye kisu.

Mbegu zako nilizipanda kwenye kopo la maziwa, nikalitoboa kwa msumari, nikaliweka kwenye dirisha la chumba cha kufulia. Ukaota mche mmoja tu. Niliuhudumia kama mgonjwa. Wenzangu wakanicheka kwamba nimepata mchumba asiyesema. Wiki hii umezaa. Matunda yote yananing'inia, yanaangalia chini, kama pilipili za kila mtu.

Kwa hiyo za Mama zilikufa, na mbegu hizi ulizitoa sokoni. Ungeniambia, Baba. Ningelia, kisha ningekubembeleza wewe, kwa sababu uliziba kwa mapenzi. Sasa nataka kujua kitu kimoja tu. Lile neno la Mama, kwamba hana kinyongo nami, nalo ulilitoa sokoni?

Mwanao


10 Januari

Mwanangu,

Marahaba.

Zilikufa zote. Nilipozibua kopo la kwanza maji yalitoka meusi, yananuka, na mti ukaja mkononi kama mswaki unaotolewa kikombeni. Nikajua na mengine matano ni hivyohivyo. Nilikaa chini pale roshani mpaka fundi cherehani akapanda kuniinua. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na ukuta ukaanguka. Kitu pekee kilichobaki cha mama yako nilikiua kwa ufundi wangu, na nilikuwa najisifu.

Ndipo nikaenda sokoni. Niliogopa kwamba ukiujua ukweli hutakuwa na sababu ya kurudi.

Lakini neno lile ni la kweli. Alilisema. Tulikuwa wawili tu chumbani, na mmoja amekufa. Sina shahidi, mwanangu. Shahidi nilikuwa mimi, na nimejiharibu mwenyewe.

Baba yako


19 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Hii ni barua ya nne tangu Januari. Sijui kama dereva yupo bado, kama umehamishwa nyumba, au kama unazisoma na kuziweka. Mimi sijambo, ngazi tu ndizo zimenishinda. Siku hizi nashuka mara moja kwa wiki.

Siku hiyo naenda sokoni. Nageuzageuza pilipili za watu mpaka wauzaji wananiuliza, mzee, unatafuta nini. Nawaambia natafuta zile zinazoangalia juu. Wananicheka, na wana haki, maana pilipili ikishachumwa huwezi kujua ilikuwa inaangalia wapi.

Makopo nimeyaosha. Nimeyatoboa upya kwa msumari, matundu matano kila moja. Yamepangwa roshani hayana udongo.

Andika, hata kama ni kunitukana. Alisema, mwanangu. Nilikuwa nimemshika bega, na alisema hana kinyongo.

Baba yako