Kiti cha Kumbebea Dada

Jumamosi, 2 Machi

Mkutano wa mafuriko, uwanja wa shule. Nimekwenda ili nicheke tu. Mtaalamu kavaa fulana yenye picha ya mwavuli — mwavuli! Mafuriko yanaingia mlangoni, yeye anakinga kichwa. Kaanza na usipoziba ufa. Wote huanza hapo. Kisha akaleta neno lake, ustahimilivu, akalirudia mpaka mate yakamkauka. Marehemu baba hakuwahi kulisikia, na alistahimili wake wawili chini ya paa moja linalovuja.

Mwenyekiti wa kamati ni mpwa wangu, binti wa dada, yule muuza dawa. Mtoto niliyemfundisha kufunga viatu leo ananipungia mkono nikae chini! Anasema hali ya hewa imebadilika, mvua ya mwezi mzima sasa inamwagika kwa siku moja, mto hautoi tena taarifa. Nikasema kwa sauti: lini mto ulitoa taarifa, una redio? Wakacheka. Yeye hakucheka. Cheo kikiingia, meno hayaonekani.

Halafu jambo lao kubwa. Kila asiyeweza kutembea awe na wabebaji wawili wa kumpandisha ngazi za shule maji yakija. Kiti chenye mipini, mmoja mbele, mmoja nyuma. Na anayebebwa ndiye anayechagua. Akishataja, basi, mwingine hamgusi mpaka abadilishe mwenyewe kwa kinywa chake. Dada yangu mkono na mguu wa kushoto vimelala tangu apate kiharusi. Akaulizwa. Hakufikiri hata kidogo.

"Mdogo wangu huyu. Na seremala."

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama, nikawakumbusha nilivyovusha mashine ya kusaga mtoni, mgongoni, maji ya kifua, mwenye mashine kakaa juu yake anavuta sigara. Jirani mmoja mwenye kidomo akasema mwaka jana mwenye mashine hakuwemo kwenye hiyo hadithi. Watu wa wivu husahau sana.

Jumatano, 6 Machi

Seremala kaleta kiti. Kiti gani! Mipini ya mbao za kitanda cha zamani, mikanda ya begi la shule. Anakipigapiga makofi kama anauza ng'ombe. Eti: "Jana mazoezini hatukukuona, Mjomba." Nikamwambia simba hafanyi mazoezi ya kula nyama. Akajibu, "Simba akizeeka hula panya." Huyo ndiye fundi! Kabati alilonitengenezea halifungi mpaka leo, nimeliegemeza gunia.

Goti linagoma kidogo, ni baridi hii. Fimbo natembea nayo kwa ajili ya mbwa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda mazoezini. Dada kaniuliza mbele ya wageni kama nitakwenda, ningesemaje?

Wanafunga gunia la mchanga kitini badala ya mtu. Watu wazima, wamepanga foleni kubeba mchanga! Muuza mkaa na mkewe wanapanda na kushuka wakihesabu moja-mbili kama askari wa maigizo. Nikawaambia waniachie nyuma. Kwenye ngazi uzito wote humwangukia wa nyuma, na nyuma ndiko wanaume hukaa. Seremala akashika mbele. Tukapanda vizuri kabisa, napiga mluzi hata. Kufika katikati — kiti kikaniponyoka. Gunia likabiringika, likapasuka, mchanga ukatapakaa ngazi nzima hadi chini.

Mpini ule ulikuwa unateleza. Nina hakika kaupaka mafuta.

Kisha vicheko. Dada alikuwa amekaa pale chini ya ukuta, anatazama kila kitu. Akasema, "Gunia halina mikono. Mimi nitajishikilia." Akawakazia macho mmoja mmoja mpaka wakafunga midomo yao.

Nimerudi nyumbani polepole. Njia ilikuwa na matope.

Alhamisi, 14 Machi

Mpwa kaja chumbani kwangu. Kafunga mlango nyuma yake, kama daktari.

"Mjomba, goti."

Goti gani?

Kaweka dawa ya kuchua mezani. Anasema fundi wa gereji yuko tayari, ana shingo kama nguzo. "Ila mama habadilishi kwa maneno yangu. Nikimwambia mimi ataona nakudharau, atakasirika, atakung'ang'ania zaidi. Mwambie wewe. Neno moja tu, Mjomba."

Nikamwuliza tangu lini mfungua nati anajua kubeba binadamu. Nikamwambia mengine pia, kuhusu heshima, kuhusu nani alimbeba yeye mgongoni alipougua surua. Akasikiliza yote. Mlangoni akasema, "Ulinibeba, najua. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza, sikwenda kwenye kamati."

Kamati! Filimbi shingoni na hawajui hata kupuliza.

Dawa nimeipaka. Si kwa sababu ya goti. Isiharibike bure.

Jumapili, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kamati wote mtaroni, wanazoa chupa na nepi, mtaalamu na fulana yake haonekani! Seremala matope mpaka kwenye nyusi. Nimewaelekeza kutoka dirishani. Hawasikii.

Jioni nikaenda kwa dada kumwambia lile neno. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Akanimiminia chai kwa mkono wake mmoja, hakumwaga hata tone. Akasema siku hizi analala vizuri, hata bati likilia namna hii. Anajua nani atambeba.

Nikanywa chai. Nikamhadithia habari ya mamba niliyemfunga mdomo kwa mkanda wa suruali. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Nikarudi kwangu.

Jumatatu, 18 Machi

Filimbi zimelia mtaa mzima. Kumbe wanajua kupuliza! Maji yamevuka kizingiti cha dada, ya kahawia, yanakuja bila kelele, kama mgeni anayejua chumba chake. Muuza mkaa na mkewe wameshampandisha yule bibi wa nyumba ya pili, moja-mbili, moja-mbili. Hawakumwangusha. Sawa, bibi mwepesi yule.

Dada ameketi kitini tayari, kanga imefungwa kiunoni, mkono wa kulia umeshika mkanda. Seremala kashika mipini ya mbele. Mpwa yuko mlangoni, nyuma yake fundi wa gereji kalowa. Mpwa ananitazama mimi tu. Dada naye ananitazama, lakini si kwa namna ile ya binti yake. Anatazama kama mtu aliyeita teksi na teksi imefika.

Nimewaambia wanipe dakika, kuna jambo naandika. Daftari nilikuja nalo kwapani, ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu anayeandika hasumbuliwi, hilo hata wasiosoma wanalijua. Nimesimama nimeegemea ukuta, maji yamefika kwenye fundo la mguu, goti limevimba kama papai, na huyo mfungua nati anapumua kwa pua kama ng'ombe dume. Wapumbavu wote. Wameweka kanuni ya kuchagua, hawakuweka ya kuacha kuchaguliwa.

Seremala: "Mjomba, mto haukusubiri uandike."

Dada kamwambia anyamaze. Kisha kaniuliza mimi, taratibu, naandika nini.

Nimemjibu naandika jina la atakayeshika nyuma.

Anasema, "Haya. Nisomee."